"Kwa Busara" ni Vifuniko Vingapi? Kielezi Kimoja cha Kiingereza Mashambani mwa Kitale na Bungoma



Niliombwa nieleze maana na matumizi ya kielezi "judiciously". Maana haitatuchelewesha. Kiingereza huongeza -ly kwenye kivumishi. Kiswahili huweka "kwa" mbele ya nomino: kwa hekima, kwa busara. Hayo twayajua tangu shuleni.

Linalonikosesha usingizi ni karatasi za maagizo ya dawa za wadudu. Viwavijeshi vamizi walipoingia magharibi mwa Kenya mwaka 2017, ushauri ulitujia kwa Kiingereza: dawa itumiwe "judiciously". Nasi wafasiri tukaandika "tumia dawa kwa busara". Mimi pia niliandika hivyo.

Mkulima mmoja karibu na Kitale alinieleza alivyotii. Kifuniko kimoja cha dawa alikiona kidogo kwa wadudu wengi vile, akaongeza cha pili kwenye pampu ya lita 20. Mama mmoja wa Bungoma alipunguza nusu, chupa imfikishe msimu ujao. Wote wawili walitumia busara waijuayo. Busara yetu ni ya mzee anayesuluhisha ugomvi, ajuaye wakati wa kunyamaza, haina mililita. Lakini dawa ikizidi humdhuru mpulizaji na kuua wadudu wanaomla kiwavi. Ikipungua huwabakiza viwavi wanaoistahimili. Mahindi yakiharibika, twasema mkulima hakuwa na busara. Neno la ushauri limekuwa lawama, na hilo laniuma kuliko kosa lolote la sarufi.

Wataalamu, wao, wana hesabu ndani ya neno hilo. Mwongozo wa 2018 wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, na USAID, lililokuwa shirika la misaada la Marekani, wataka mkulima apite shambani kwa umbo la W, asimame mara 5 na kukagua mimea 10 hadi 20 kila mahali. Mahindi yakiwa machanga, kiwango cha kuchukua hatua ni karibu mimea 20 kati ya 100 yenye dalili. Hesabu hiyo ndiyo tuliyoiacha njiani. Na asili ya "busara" katika Kiarabu inahusiana na kuona: kumbe neno lenyewe lilitaka macho yatangulie pampu.

Silaumu idara yoyote. Karatasi hupita mikono mingi. Hata hivyo napendekeza:

Karatasi ya dawa isiandike "kwa busara" pasipo kipimo.

Kipimo kitajwe kwa chombo alicho nacho mkulima, kulingana na lebo ya dawa hiyo: vifuniko kwa pampu ya lita 20.

Isemwe pia lini asipulize kabisa.

Mfasiri aruhusiwe kumuuliza mtaalamu: kiasi gani, saa ngapi, mara ngapi? Asipojibiwa, karatasi isichapishwe.

Nasema tena, kipimo kiandikwe.

Na rasimu isomwe kwa sauti sokoni Chwele na Kitale, mfasiri akiwepo, kisha mkulima aulizwe atamimina vifuniko vingapi.