Bomba Lisilo na Ankara

Tumeulizwa: mtu akigundua kuwa bomba lake halijawahi kutolewa ankara, anyamaze? Hasha. Maji ya Mitema husukumwa kwa pampu hadi juu ya uwanda wa Makonde. Gharama hiyo haikomi kwa kuwa jina lako halimo daftarini. Hofu ya deni kubwa twaielewa, ila kila mwezi wa kimya hulinenepesha.

Andika leo namba inayosomeka kwenye dira, kisha uiarifu mamlaka ya maji kwa barua, ubaki na nakala yenye mhuri. Usiing'oe dira: ndiyo shahidi wako. Ukipewa deni la kukisia, dai hesabu ya dira, uombe kulipa kwa awamu. Usiporidhika na majibu yao, lete lalamiko EWURA.