Duara Liwe Duara: Kukagua Skrini ya Kompyuta Kabla ya Kulipa



Mwenye studio ya picha anapotumia skrini inayotanua nyuso, huirekebisha picha iliyokuwa sahihi, na mteja akakabidhiwa sura isiyo yake. Hasara hiyo huzuilika kwa ukaguzi wa dakika chache dukani, kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Skrini nyingi za mezani zina pikseli 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani uwiano wa 16 kwa 9. Kompyuta ikituma picha ya 1024 kwa 768, ambayo uwiano wake ni 4 kwa 3, nayo skrini ikaivuta ijae pembe zote, kila umbo hupanuka kwa thuluthi moja. Hapo skrini si mbovu. Mipangilio ndiyo yenye kasoro.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Kwanza, mwombe muuzaji aiwashe skrini, kisha chagueni vipimo vinavyopendekezwa katika mipangilio ya kompyuta. Pili, fungua programu ya kuchorea, bonyeza kitufe cha Shift na uchore duara kubwa. Lipime kwa rula, upana na kimo. Vipimo visipolingana, rekebisha uwiano wa picha kwa vitufe vya skrini yenyewe, kisha upime tena. Tatu, jaza skrini rangi moja moja: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Tazama kama kuna nukta isiyobadilika au mstari unaokatiza.

Ukiona mstari, badilisha kebo kwanza. Ukibaki, hifadhi picha ya skrini kwa kutumia kompyuta yenyewe, si kamera ya simu, uifungue kwenye kifaa kingine. Mstari ukionekana huko, chanzo ni kompyuta. Usipoonekana, ishuku skrini.

Maduka mengine hubandika tangazo kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, na karatasi ya ukutani haiwezi kuifuta Katiba. Hata hivyo, haki huhitaji ushahidi. Dai risiti inayotaja aina ya skrini, nambari yake na muda wa dhamana, uitunze.

Muuzaji akikataa kuiwasha skrini, tunakusihi usilipe.