KUHAMISHA MAWE MAKUBWA NA KUPANDA VICHAKA KARIBU NA NYUMBA

Mazungumzo kwa wenye mashamba wa Sosiot, Kericho



Mtu apitaye Sosiot baada ya mvua kubwa huona jambo moja la kusikitisha. Maji yatiririkayo kutoka kwenye viwanja vya nyumba ni mekundu. Wekundu ule ni udongo wa juu, yaani chakula cha mimea. Baba humgawia mwanawe shamba kwa hatua na kwa mipaka, lakini ikiwa udongo wa juu umekwisha kuteremka mtoni, mtoto yule amerithi mipaka mitupu. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Na udongo ni vivyo hivyo.

Dawa ya ubaya huu mara nyingi imelala pale pale uani, nayo ni mawe. Miamba ya Kericho ilitoka katika volkeno za zamani, na wataalamu huiita fonolaiti. Mwenye nyumba huyahesabu mawe hayo kuwa adui, kwa sababu huvunja jembe na kuziba njia ya ng'ombe. Lakini jiwe likiwekwa mahali pake huwa mlinzi asiyelala wala kudai mshahara.

Kwanza yafaa kujua uzito wa kazi yenyewe. Jiwe lenye nusu mita kila upande lina uzito upatao kilo 300 au zaidi. Hakuna mtu awezaye kulibeba, na vijana wanaojaribu kuonyesha nguvu zao huumia mgongo, wakakaa bila kazi katika majira ya kupanda. Kinachotakiwa ni akili kutangulia nguvu.

Chombo cha kwanza ni mtaimbo. Mtu achimbe kulizunguka jiwe mpaka aone upande wake wa chini, kisha aingize ncha ya mtaimbo na kuweka jiwe dogo gumu chini yake liwe egemeo. Mtaimbo ukiwa na mita moja na nusu, na egemeo likawa sentimita 15 kutoka ncha, nguvu ya mtu huzidishwa mara tisa. Akiukandamiza kwa uzito wa kilo 40, upande wa pili huinua kilo 360. Naye hainui jiwe lote, bali ukingo mmoja tu. Kila ukingo unapoinuka kidogo, mwenzake asukume kokoto chini yake kwa kijiti, wala asitie mkono kamwe. Kwa njia hiyo jiwe hupanda polepole hata likatoka shimoni.

Likiisha kutoka, lilazwe juu ya magogo ya mviringo na kusukumwa, au lifungwe kwa mnyororo juu ya gogo lenye panda na kukokotwa na maksai. Gogo linaloachwa nyuma lichukuliwe na kuwekwa mbele tena. Mahali penye mteremko, asisimame mtu yeyote upande wa chini, na watoto waondolewe kabisa. Tena kabla ya kulifunua jiwe, lipigwe kwa fimbo ndefu, maana nyoka hupenda baridi iliyo chini yake. Kazi hii si ya mtu mmoja. Majirani wa kokwet moja, wakisaidiana leo kwa huyu na kesho kwa yule, watamaliza kwa siku chache kazi ambayo ingemshinda mtu peke yake mwaka mzima.

Mawe yapangwe kwa mstari unaokata mteremko, usiopanda wala kushuka. Kila jiwe lizikwe theluthi yake, liegemee kidogo upande wa juu, na mianya izibwe kwa mawe madogo. Maji yakifika hapo hupunguza mwendo, huacha udongo wake, na mengine huzama ardhini.

Sasa nyuma ya mstari huo vipandwe vichaka, kwa kuwa mizizi ndiyo kamba ifungayo ardhi. Watu wa Kericho si wageni wa kazi hii. Makampuni ya Wazungu yalianza kupanda chai huko katika miaka ya 1920. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ukawafungulia Waafrika njia ya kulima mazao ya biashara. Na mwaka 1964 likaanzishwa shirika la KTDA, ambalo tangu mwaka 2000 ni kampuni. Chai nayo ni kichaka, na mkono uliozoea kuipanda utaweza kupanda kichaka chochote.

Shimo lichimbwe kabla ya mvua za Machi, udongo wa juu ukiwekwa mbali na ule wa chini. Mvua zikishika, mfuko wa plastiki uondolewe, mche usimamishwe wima, na udongo wa juu urudishwe kwanza kwenye mizizi. Visiki na mizizi mikubwa ya miti ya zamani ing'olewe, kwani ugonjwa wa Armillaria hukaa humo, ukahamia mimea mipya na kuiua. Majani makavu yatandazwe juu, lakini yasiguse shina, lisije likaoza.

Kwa ua wa mpakani kayaba yafaa, maana miiba yake huzuia ng'ombe. Tithonia, yenye maua ya manjano mfano wa alizeti, yafaa kukatwa na kufukiwa, kwani majani yake huoza upesi na kuwa mbolea. Lantana isipandwe, ingawa maua yake hupendeza. Ng'ombe akiila hudhurika, na ndege hueneza mbegu zake mpaka mashamba ya jirani.

Mvua ya mawe, ambayo Kericho huijua sana, huenda ikayapasua majani ya mche mchanga. Mwenyewe asikate tamaa akaung'oa. Mizizi ikiwa salama, utachipua tena.

Basi, wasikilizaji, mwenye kuanza na aanze kwa jiwe moja na vichaka vitatu. Msimu ujao wa mvua na asimame mlangoni kwake atazame maji yanayotoka uani. Yakiwa yamepungua wekundu, atajua kwamba urithi wa wanawe umebaki nyumbani.