Mtoto Anayerusha Kisahani: Umbali wa Kweli na Bega Lenye Afya

   Kama uko sokoni, punguza kelele kidogo. Kama uko jikoni, endelea kupika huku ukisikiliza.

Leo tunazungumza kuhusu watoto wetu wanaorusha kisahani katika riadha ya shule. Huenda ukauliza, je, hilo ni jambo la afya? Ndiyo, mama. Ni jambo la mifupa na viungo vya mtoto ambaye bado anakua.

Tuchukue mfano. Mvulana wa Gredi ya 7 amechaguliwa kurusha kisahani. Wenzake wanamwambia kuwa bingwa wa shule jirani anarusha mita 50. Yeye amepimwa, amefika mita 16. Anaona aibu. Kila jioni anabaki uwanjani peke yake, anarusha mara 60 au 70, kwa nguvu zote za mkono. Baada ya wiki mbili anaamka asubuhi na hawezi kuinua mkono kuvaa shati la sare. Mama anamtuma maji, anasema bega linauma. Mama anadhani ni uvivu, anamkemea. Mtoto ananyamaza, jioni anarudi uwanjani.

Mtoto huyu anaumizwa na mambo mawili: umbali wa uongo na urushaji mbaya. Tuyaangalie moja moja.

Kwanza, umbali wa kweli. Ninyi wa Malaba na Busia mnayajua malori ya trela yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Lori moja la trela lina urefu wa karibu mita 17. Kwa hiyo mtoto aliyerusha mita 16 amerusha karibu urefu wa lori zima. Kwa anayeanza, hiyo si aibu hata kidogo. Watoto wengi huanza na mita kumi na kitu. Akifundishwa vizuri, akakua na kupata nguvu, polepole anaweza kufika urefu wa malori mawili. Hiyo ni kazi ya miaka, si ya wiki mbili.

Sasa linganisha na watu wazima waliobobea. Rekodi ya dunia ya wanawake ni mita 76.80. Iliwekwa na Gabriele Reinsch wa Ujerumani Mashariki mwaka 1988. Kwa wanaume, Mykolas Alekna wa Lithuania alirusha mita 75.56 mwezi wa Aprili 2025. Hao ndio bora kuliko wote duniani, na hawafiki urefu wa malori matano. Basi mtoto akikuambia kuna mwenzake wa Gredi ya 7 anayerusha mita 50, muulize kwa upole, "Nani alipima, na alipima kwa nini?" Mara nyingi utakuta umbali huo ulikadiriwa kwa macho. Macho hudanganya. Utepe wa kupimia haudanganyi.

Hata bingwa wetu wa mkuki, Julius Yego, hakufika mbali kwa siku moja. Mwaka 2011, katika Michezo ya Afrika kule Maputo, alishinda kwa mita 78.34. Mwaka 2015 kule Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Mtu mzima, mwenye kipaji kikubwa, aliongeza mita 14 kwa miaka minne. Mtoto wako ataongezaje mita 30 kwa muhula mmoja?

Tena kuna uzito. Kisahani cha wanawake ni kilo 1, sawa na pakiti ya sukari. Cha wanaume ni kilo 2, sawa na pakiti kubwa ya unga wa ugali. Wavulana walio chini ya miaka 18 hutumia cha kilo moja na nusu. Kwa hiyo mtoto wa Gredi ya 7 akipewa cha kilo 2 kwa sababu ndicho pekee kilichopo, huo ni mzigo wa mtu mzima. Mama ana haki ya kumwuliza mwalimu kwa heshima, "Mwalimu, watoto wanatumia kisahani cha uzito gani?"

Pili, namna ya kurusha. Wengi hudhani kisahani hurushwa kwa mkono. Sivyo. Nguvu hutoka miguuni, hupita kiunoni, hupanda kifuani, na mkono hufika mwisho kabisa. Fikiria mama anayelima. Akitumia mikono tu, anachoka kabla ya jua kupanda. Akitumia miguu na kiuno, analima hadi mstari unaisha. Kurusha ni vivyo hivyo.

Mtoto anayetumia mkono wa kulia afanye hivi. Asimame ubavu, bega la kushoto lielekee anakorusha. Miguu iachane kwa upana wa mabega. Kisahani kilale kwenye kiganja, ukingo wake ushikwe na viungo vya mwisho vya vidole vinne. Kidole gumba kilale juu tu, kisibane. Aupeleke mkono nyuma, uzito wa mwili ukae mguu wa kulia, goti likunjwe kidogo. Kisha asukume kwa mguu huo, kiuno kigeuke kwanza, kifua kifuate, na mkono uje mwisho ukiwa umenyooka na kulegea. Kisahani kiachwe kwenye usawa wa bega, kikitokea kidole cha shahada ili kizunguke.

Kisahani kinachozunguka vizuri hukaa shwari hewani. Kinachoyumbayumba kama jani kimepoteza nguvu, hata kama mtoto ametoa jasho jingi. Kwa hiyo ukiona kinayumba, usimwambie, "Tia nguvu!" Mwambie, "Taratibu, anza na miguu." Anayeanza arushe akiwa amesimama. Kuzunguka mzima mzima ndani ya duara kama mabingwa kutakuja baadaye.

Sasa tuje kwenye bega lenyewe. Karibu na ncha za mifupa ya mtoto kuna sehemu laini ambazo ndizo zinazorefusha mfupa. Hukomaa na kuwa ngumu mtoto anapomaliza kubalehe. Kabla ya hapo, kurusha mara nyingi mno bila kupumzika kunaweza kuumiza sehemu hizo begani au kwenye kiwiko. Ndiyo sababu mtoto hapaswi kuvumilia maumivu kama mtu mzima.

Mama, angalia dalili hizi:

Maumivu ya bega au kiwiko yanayobaki hadi siku ya pili, au yanayomwamsha usiku.

Mtoto kushindwa kuchana nywele, kuvaa shati, au kunyoosha kiwiko.

Uvimbe, au mkono mmoja kuwa dhaifu kuliko mwingine.

Ukiona hayo, kwanza mpumzishe asirushe. Mwekee kitambaa kilichochovywa maji baridi, au barafu iliyofungwa kwa kitambaa, kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Usimkande kwa maji moto, usimsugue kwa nguvu, wala usikubali mtu auvute mkono ili "urudi mahali pake". Usimpe dawa za maumivu za watu wazima kutoka dukani. Maumivu yasipopungua kwa siku chache, mpeleke kituo cha afya. Lakini kama mkono umepinda, umekufa ganzi, au hausogei kabisa, usingoje. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna jambo jingine muhimu kwetu sisi wa magharibi. Si kila maumivu ya mkono yanatokana na mchezo. Mtoto akiwa na homa, apimwe malaria. Kiungo kikivimba na kuwa cha moto, na mtoto ana homa, hiyo ni dharura. Na mtoto anayeumwa mifupa mara kwa mara hata bila kucheza, macho yakiwa ya manjano, apimwe ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli. Ugonjwa huu upo sana katika sehemu zetu. Ukijulikana mapema, mtoto hutunzwa vizuri zaidi.

Na usalama je? Kisahani kinaweza kuua. Watoto wote wasimame nyuma ya anayerusha, mbali naye. Hakuna kwenda kuokota mpaka mwalimu aseme, na wote waende pamoja. Kisahani kirudishwe kwa kubebwa, kisirushwe. Mikono na kisahani vipanguswe, maana chenye unyevu huponyoka. Na wale wadogo wanaocheza kwa kurusha vifuniko vya ndoo, wacheze uwanjani, si kando ya barabara ya malori. Mtoto anayekimbilia kifuniko haoni lori.

Chakula chake kisiwe cha gharama. Omena, maharagwe, kunde, simsim, mayai yakipatikana, pamoja na ugali wa mtama au mahindi, hujenga misuli na mifupa. Anywe maji safi kabla na baada ya mazoezi. Alale vya kutosha. Baada ya siku ya kurusha kwa nguvu, apumzike angalau siku moja kabla ya kurusha tena.

Sasa turudi kwa yule mvulana wetu. Mama yake angefanya nini? Asubuhi ile, badala ya kumkemea, angemwambia, "Mwanangu, inua mikono yote miwili juu nione." Mkono mmoja ungekwama. Hapo angejua ni maumivu, si uvivu. Angempumzisha, angezungumza na mwalimu, na angemwambia ukweli kwamba mita 16 ni mwanzo mzuri.

Kwa ufupi, wasikilizaji, kumbukeni mambo manne. Umbali upimwe kwa utepe. Nguvu itoke miguuni. Uzito wa kisahani ulingane na umri. Na maumivu yanayobaki hadi kesho ni ishara ya kusimama.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani au katika kikundi cha akina mama: Je, mtoto wako anashiriki mchezo gani shuleni? Ni nani anayemsimamia? Akisema anaumwa, huwa unamjibu nini?

 Jioni ya leo, mwambie mtoto wako ainue mikono yote miwili juu, nawe utazame.