Maktaba ni Ngitili Yetu

Mada iliyotolewa kwa niaba ya Kamati ya Elimu katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee

  

Kamati ya Elimu imepewa dakika chache kueleza ombi moja. Mwaka huu tunaomba fedha za harambee ziende kwenye chumba cha kusomea katika kata yetu, na sehemu kubwa ya fedha hizo itumike kukiendesha kwa miaka mitatu mfululizo. Katika vikao vyetu ombi hili halikupita kirahisi. Wapo waliosema madawati kwanza. Wapo waliosema vyoo vya shule kwanza. Hizo ni hoja za kweli, na waliozitoa wanaipenda nyumbani kama sisi. Ndiyo maana tumeona tuseme sababu zetu zote hadharani, ili anayetoa ajue anatoa kwa ajili ya nini.

Tuanze na jambo ambalo kila aliyekulia kwetu analijua: ngitili. Mvua zinapoanza na majani yamejaa kila upande, mwenye busara hutenga kipande cha ardhi na kuzuia mifugo isiingie. Mgeni akipita wakati huo anaweza kudhani ni ubahili. Lakini kiangazi kikikaza, ngitili hufunguliwa, na wanaotangulizwa ni ndama, maksai wa kulimia na ng'ombe waliodhoofika. Zilipita enzi miti ikafyekwa kwa ajili ya kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, ngitili nyingi zikatoweka, na Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mafanikio yake makubwa yalikuja pale ulipowarudia wazee na kufufua ngitili, za kaya na za kijiji, zenye taratibu zinazosimamiwa na wananchi wenyewe. Nchi iliyoitwa jangwa ikaota miti tena.

Maktaba hufanya kazi hiyohiyo. Ni akiba inayotengwa wakati wa neema ili imfae mnyonge wakati wa shida. Mtoto wa mwenye fedha atanunuliwa kitabu. Mtoto wa mjane aliyeko kijijini, kama hakuna mahali pa kuazima, hatakiona hadi siku ya mtihani. Na kama ilivyo ngitili, maktaba bila wa kuilinda na kuisimamia hugeuka kichaka tu.

Haya tunayoyasema hayajatoka ng'ambo. Kuanzia 1968 hadi 1972 mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, chini ya Serikali na UNESCO, uliendeshwa katika mikoa minne ya Kanda ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Geita wakati ule ilikuwa wilaya ndani ya Mwanza. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao wenyewe: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji. Baadaye kampeni ikaenea nchi nzima. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 takwimu za Serikali zilionyesha kuwa wamebaki karibu 10 katika kila 100.

Walioongoza kazi ile walijua kuwa mtu aliyejifunza kusoma jana, asipopata cha kusoma, kesho atasahau. Kwa hiyo zikaanzishwa maktaba vijijini, na kwetu Kanda ya Ziwa likachapishwa gazeti la Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya wasomaji wapya. Wazee mlioko hapa mnaweza kulikumbuka. Kisha uchumi ukayumba katika miaka ya 1980, vitabu vipya vikaacha kuja, wasimamizi wakakosa posho, na nyingi kati ya maktaba zile zikafa. Mtoto anayesoma kwetu leo hajui kama ziliwahi kuwapo.

Ndugu zetu, tumetaja kifo cha maktaba zile kwa makusudi. Jengo hujengwa mara moja, likazinduliwa, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Kinachoua maktaba ni yale yanayofuata baada ya uzinduzi: ufunguo ulio mfukoni mwa mtu aliyesafiri, taa isiyowaka, vitabu vilevile mwaka baada ya mwaka. Ndiyo sababu ombi letu limeelekezwa kwenye uendeshaji.

Tunatoka kwenye nchi yenye mali. Dkt. John Williamson alipata almasi Mwadui mwaka 1940. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930, mgodi wa zamani ukafungwa 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza uzalishaji mwaka 2000. Bulyanhulu ukafuata 2001, Buzwagi 2009. Na Buzwagi umekwisha kufungwa, mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa Kahama mwaka ule mgodi ulipoanza alikuwa bado mtoto mdogo ulipofungwa. Hatubezi migodi, wengi wetu tumesomeshwa kwa mishahara yake, na wengine kwa jasho la baba aliyeshuka duarani. Tunachosema ni kwamba dhahabu ikishatoka ardhini hairudi. Wakati inatoka ndio wakati wa mvua, na wakati wa mvua ndio wa kutenga ngitili.

Ni nani atakayeingia katika chumba hiki? Wa kwanza ni mwanafunzi. Tangu elimumsingi bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto wengi zaidi wanaingia shuleni, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini anayetoka shuleni saa tisa na kukuta nyumba ya vyumba viwili, wadogo zake sita na kibatari kimoja, atasomea wapi? Kabla hata hatujazungumzia kitabu, kiti, meza, taa na ukimya tayari ni msaada mkubwa.

Wa pili ni mchimbaji mdogo. Kijana wa Nyarugusu au Rwamgasa anaingia ubia na mwenye leseni, anawekewa karatasi mbele, anaambiwa weka sahihi hapa. Sheria ya Madini, Sura ya 123, inamhusu moja kwa moja, lakini ataiona wapi? Maelezo ya madhara ya zebaki kwa figo, mishipa ya fahamu na mtoto aliye tumboni atayasoma wapi mama anayeosha dhahabu kwa mikono mitupu? Nakala moja ya sheria kwenye rafu, na mkutubi wa kumwonyesha ukurasa, inaweza kuokoa ugomvi wa miaka.

Wa tatu ni vikundi vyetu vya akina mama na vijana. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, huombwa kwa maandishi. Kikundi lazima kiwe na katiba na andiko la mradi. Vikundi vinavyokosa mtu wa kuviandikia hulipa watu wa pembeni. Mahali penye mifano, meza na mtu wa kuuliza pangewapunguzia gharama hiyo.

Wa nne ni sisi wenyewe na watoto wetu, tunapotaka kujijua. Hans Cory alikusanya mila na sheria za Wasukuma na kuzitolea kitabu mwaka 1953. Karatasi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aniceti Kitereza, jirani yetu wa Ukerewe, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilichapishwa mwaka 1980, kwa Kiswahili, na mwaka uliofuata mzee akafariki. Miaka 35 kitabu cha ziwa letu kilisubiri kusomwa. Kisisubiri tena kwa sababu hakuna rafu ya kukiweka. Tunataka pia kona moja ya chumba iwe ya wazee: masimulizi ya koo, ya ngoma za Bagika na Bagalu, ya majina ya milima na mito yetu, yaandikwe na vijana wetu na kuhifadhiwa palepale yalipotoka.

Sasa tujibu hoja tatu tulizozisikia.

Ya kwanza: simu zipo, vitabu vya nini? Simu zipo kweli, na chumba chetu kitazitumia. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na tunakusudia kuweka vishikwambi vichache vya kuvisomea. Lakini bando lina bei, simu ya nyumbani ni ya baba, na baba yuko machimboni nayo. Maktaba ndiyo inayoifanya hiyo intaneti imfikie asiye na simu.

Ya pili: watu wa kwetu hawasomi. Jibu letu ni historia tuliyoieleza. Babu na bibi zetu walisoma chini ya miembe, baada ya kutoka shambani, wakiwa na umri wa miaka hamsini. Walipoletewa kitabu kinachohusu pamba yao walikisoma. Kitu kilichokatika ni vitabu, hamu haikukatika.

Ya tatu: hii ni kazi ya Serikali. Ni kweli, na Serikali inayo misingi. Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na sheria ya mwaka 1975 iliipa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania jukumu la kusimamia na kuendeleza maktaba nchini. Wataalamu wa kazi hii hufundishwa katika chuo cha Bodi kilichoko Bagamoyo. Tutaomba ushauri wao tangu siku ya kwanza. Vilevile, Sheria ya Madini kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, kifungu cha 105, inamtaka mwenye mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa kuhudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Mpango huo hupangwa kwa vipaumbele vinavyotajwa. Sisi tukinyamaza, maktaba haitatajwa. Tukienda halmashauri na chumba kinachofanya kazi, daftari la wasomaji mkononi, tutakuwa na la kuzungumza.

Hilo daftari, ndugu zetu, ni mali. Kila anayeingia ataandika jina, umri na alichokuja kusoma. Kiongozi anaweza kuikataa hotuba yetu. Ni vigumu kukataa majina ya watu wake waliokuja kusoma mwezi huu. Maktaba isiyotumika haina wa kuitetea.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwanza, fedha. Wanachama 200 wakitoa shilingi 5,000 kila mwezi, ni shilingi milioni 1 kwa mwezi na milioni 12 kwa mwaka. Kwa fedha hizo tutamlipa mkutubi mmoja, kijana wa kwetu aliyesomea kazi hiyo, na msaidizi wa zamu ya jioni na Jumamosi. Tutalipia umeme, magazeti, ukarabati wa viti, na kila muhula tutanunua vitabu vipya. Mwenye uwezo wa kutoa zaidi tunamshukuru, lakini elfu tano ya kila mwezi inatufaa kuliko laki ya siku moja ambayo hairudi tena. Hesabu zitabandikwa ukutani mwa chumba chenyewe na kusomwa katika mkutano huu kila mwaka.

Pili, vitabu vinavyofaa. Tunawaomba kwa heshima: msitufungie gunia la vitabu vilivyochoka. Walimu wa kata wataandaa orodha ya vitabu vya kiada na ziada, hadithi za Kiswahili za watoto, vya kilimo, ufugaji, afya na sheria. Chukua jina moja katika orodha, kinunue, kilete.

Tatu, tumieni maktaba. Nyinyi mnaoishi Dar es Salaam, Mwanza, Shinyanga mjini au kwingineko, mpelekeni mtoto maktaba iliyo karibu nanyi, mjiandikishe, mwazime kitabu, mkirudishe kwa wakati. Mkienda likizo nyumbani, siku moja ya likizo iwe ya kukaa katika chumba chetu na kuwasomea watoto kwa sauti. Mtoto wa kijijini akimwona mhandisi au nesi wa kwao ameshika kitabu, hahitaji mahubiri mengine.

Ndugu Mwenyekiti, madawati na vyoo tutaendelea kuvichangia, hatujaviacha. Lakini mvua hii ya dhahabu inanyesha sasa, na hakuna anayejua itakatika lini. Fomu za ahadi ziko katika ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Tunaomba kila mmoja ajaze yake kabla ya kuondoka na kumkabidhi mweka hazina.