Usiipake Rangi Motokaa ya Zamani
Somo letu la leo ni motokaa za zamani za kuchezea, zilizofanywa kwa zinki iliyoyeyushwa na kutiwa katika kalibu. Mwaka 1965 kiwanda cha Lesney, London, kilitoa Land Rover Safari ya Matchbox, namba 12, ya kijani. Baadaye ikatoka ya buluu. Mwaka 1969 kiwanda kikaanza magurudumu ya Superfast, yaendayo mbio, kushindana na Hot Wheels za Marekani. Basi rangi na magurudumu hutambulisha umri. Ukiikuta moja sandukuni kwa babu, soma maandishi ya chini, pangusa vumbi, lakini usiipake rangi mpya. Utafuta ushahidi wake, na bei itashuka.