Zawadi Hailipiwi



Tukisema haki, wengi wetu tunafikiria kitambulisho, ardhi na vijana wetu wanaokamatwa. Leo nazungumzia haki ya mali yako, maana inaporwa kila siku kupitia simu.

Mbinu yenyewe ni hii. Simu inalia: "Hongera mama, umeshinda laki moja!" Anakuita kwa jina lako. Usishtuke, jina hupatikana hata kwa mtu kujaribu tu kukutumia pesa. Halafu ndio linakuja sharti: tuma elfu mbili za usajili, ama taja pini, ama bonyeza namba hizi. Na usikate simu, usimwambie mtu.

Hapo ndipo pa kumjua. Zawadi hailipiwi. Na kama hukuingia bahati nasibu yoyote, hukushinda. Sisi Waislamu kamari tumekatazwa waziwazi, Suratul Maida aya ya 90. Lakini tapeli naye ni mjanja, anauvisha uongo wake kanzu: mara umeshinda safari ya Umra, mara ni msaada wa Ramadhani. Sharti ni lile lile, tanguliza pesa.

Ukipigiwa, kata. Safaricom hupigia wateja kwa 0722 000 000, na hata hiyo ikitokea kwenye simu yako, pini hautaji. Namba ya tapeli itume kwa 333, ni bure. Kama pesa zimeshatoka, usingoje kesho: ile meseji ya M-Pesa itume kwa 456 hapo hapo, uombe zirudishwe. Kisha nenda kituo cha polisi, andikisha ripoti na udai namba ya OB. Hiyo ni haki yako, si hisani. Wakikuzungusha, tuambie twende pamoja.

La mwisho ni aibu. Mama anatapeliwa karo ya mtoto, ananyamaza asije akaambiwa ana tamaa. Kimya chake ndicho kinampa tapeli nafasi ya kumpigia jirani. Ndugu zangu, aliyeibiwa hana aibu, aibu ni ya mwizi. Tusimcheke, tumsindikize.

Leo usiku kaa na mama, kaa na nyanya, waeleze haya kabla simu haijalia.

Wabillahi tawfiq.